Kasha Linalotangulia

Mume wangu Kiyotaka alikuwa na vitu viwili: mgongo mbovu, na mapenzi makubwa ya makasha ya watu waliokwisha kufa. Vikikutana siku moja, anayeteseka ni mimi. Jioni ile ya msimu wa mvua alikuwa amelala chali kwenye mkeka, plasta ya dawa kiunoni, simu juu ya kifua, macho yanamng'aa.

"Itsue," akaniita. "Itsue wangu."

Nikiitwa "wangu" huwa najua nina kazi.

"Sema."

"Kuna bibi mmoja kule bonde la juu, Bibi Umezu. Nyumba yake inabomolewa. Ana kasha la chaza. La kweli, Itsue! Pembe nane, jeusi, lina michoro ya dhahabu. Anataka lichukuliwe leo hii, kabla giza halijaingia."

"Na mgongo wako huo?"

"Ndiyo maana nimekuita wewe."

Kwetu, zamani, binti wa nyumba kubwa akiolewa, kasha la chaza ndilo lililotangulia mbele ya msafara wake. Ndani huwa na maganda ya chaza yaliyochorwa picha, na kila ganda lina mwenzake mmoja tu duniani anayeshikana naye. Kasha hufika kwanza, mwenye nyumba hulipokea mlangoni, na baada ya hapo bibi harusi huingia. Siku hizi yamebaki kwenye makumbusho na kwenye ndoto za wanaume wa aina ya Kiyotaka.

Chumba chetu cha nyuma kilikuwa kimejaa tayari. Makasha ya barua, makasha ya vitana, makasha ya wino, yote yamepakwa urushi, ule utomvu wa mti unaokauka ukawa mweusi na kung'aa kama maji ya kisimani. Kila moja lina sanduku lake la mbao, na ndani ya sanduku limevikwa kitambaa cha manjano. Kiyotaka haligusi lolote kabla hajanawa mikono, akavua saa na pete ya ndoa, maana chuma kikiteleza kinaacha mkwaruzo usiofutika. Kisha analiinua kwa mikono miwili, karibu na mkeka, pumzi ameibana. Mimi katika ndoa yetu yote hajanishika hivyo hata mara moja, na nilimwambia. Alicheka, akasema mimi si rahisi kukwaruzika.

"Anauza bei gani?" nikauliza.

"Hauzi. Anatoa bure."

"Bure? Mtu mzima na akili zako, unaamini kitu cha bure?"

"Anataka lipokelewe kwa taratibu zake tu. Kaniuliza na kuniuliza tena: utalipokea? Nikamwambia bibi, taratibu zote nazijua, hata sasa hivi nalipokea." Akajaribu kuinuka, akaguna, akalala tena. "Nenda, mke wangu. Nakuomba."

Nilikwenda. Nilikuwa nampenda yule mwanaume, na huo ndio ukweli wenyewe.

Mvua ilikuwa ile nyembamba isiyo na sauti. Nyumba ya Bibi Umezu ilikuwa ya mwisho kabisa barabarani, paa limebonyea katikati. Langoni kijimoto cha majani makavu kilikuwa kinafuka kwenye unyevu. Nikadhani anachoma takataka.

Mwenyewe alikuwa amepiga magoti mlangoni akinisubiri. Kibibi kidogo, mgongo umepinda, lakini amevaa kimono cheusi chenye nembo za ukoo, vazi ambalo watu hulitoa kwa harusi au kwa msiba. Kasha lilikuwa mbele yake.

Makasha nimeyaona mpaka nimeyachoka. Lakini lile... Weusi wake ulikuwa na kina, ukiutazama unahisi utatumbukia. Korongo wa dhahabu walilizunguka pande zote nane. Kamba yake ya hariri ilikuwa nyekundu, nyekundu kabisa, haijafifia hata kidogo.

"Mume wako kasema anazijua taratibu," Bibi Umezu akasema.

"Anazijua sana, bibi. Ndiyo ugonjwa wake."

Hakucheka.

"Atalipokea kwa mikono miwili?"

"Ndiyo."

"Mlangoni?"

"Hata nikimkataza atafanya."

Machozi yakamtiririka. Nikadhani anaililia nyumba yake, nami nikaona aibu kwa mzaha wangu. Nililibeba kasha. Lilikuwa jepesi kuliko nilivyotarajia. Ndani, ganda liligonga ganda.

Tik.

Kibibi akanivuta mkono wa nguo, akaninong'oneza, "Endesha polepole, mwanangu. Usimwache nyuma."

"Nani, bibi?"

Akainama mpaka paji la uso likagusa ubao. Hakuniangalia tena.

Niliweka kasha kwenye kiti cha pembeni, nikalifunga mkanda, nikawasha kigari chetu. Ile naondoka tu, nikasikia nyuma yangu...

Paa!

Chombo cha udongo kimepasuka. Kwenye kioo niliona vipande vyeupe chini ya lango, karibu na ule moto. Nikasema maskini, kibibi kimeangusha bakuli lake la wali. Sikusimama. Giza lilikuwa linaingia, na nilikuwa sijapika.

Kona ya kwanza ndipo harufu ilipoanza.

Chuma kilicholowa. Siki. Majani ya chai yaliyolala. Niliijua harufu ile, ilikuwa ya kinywa cha nyanya yangu mzaa mama, ambaye mpaka anakufa alikuwa bado anapaka meno rangi nyeusi, desturi ya wanawake walioolewa wa enzi zake. Nikafungua dirisha. Harufu haikutoka. Ikaja sauti badala yake.

Ko... ko... ko...

Viatu vya mbao kwenye lami, nyuma ya gari.

Nikatazama kioo. Barabara tupu, mvua, ukungu. Nikakanyaga mafuta. Na vile viatu vikaanza kukimbia. Kokoko, kokoko, mbio za mtu aliyebanwa na nguo nzito, mtu anayeogopa kuachwa. Halafu nikasikia pumzi. Ilikuwa ya mtu anayekaribia kulia.

Nikapunguza mwendo.

Viatu navyo vikapungua. Ko... ko... ko...

Niliteremka lile bonde lote kwa mwendo wa mtu anayetembea. Magari yalinipigia honi, dereva mmoja akanitukana kupitia dirishani, nami nimeshika usukani kwa mikono miwili, shingo imekakamaa, sithubutu kugeuka. Nisingeweza kuongeza mwendo hata ungeniahidi nini. Kule kulia kusikolia kuliniuma zaidi ya woga wenyewe.

Nilipofika kwetu, jirani yangu Mama Horie alikuwa chini ya mwavuli anaingiza vyungu vyake vya maua. Huyu ni mtu wangu. Tunapeana mboga na umbeya kupitia ua tangu nilipoolewa.

"Leo mwenyewe umetumwa!" akanitania. "Bwana makasha kalala, mke ndiye kuli." Halafu akakunja uso akitazama nyuma ya gari. "Itsue, mgeni wako mbona unamwacha kwenye mvua?"

"Mgeni gani?"

Akapepesa macho. Akainua mwavuli, akaushusha.

"Ah. Macho haya nayo. Nilidhani..." Akacheka kidogo, akaingia kwake haraka na vyungu vingine akaviacha nje.

Nilitamani kumwita. Nilikuwa na kasha mikononi, mvua inalilowesha, na mke wa mkusanyaji anajua kosa hilo halisameheki. Nikakimbilia mlangoni, nikausukuma kando kwa kiwiko.

Kiyotaka alikuwa amesimama.

Amesimama wima, mgongo umenyooka, amevaa haori, koti lake refu jeusi lenye nembo, lile la siku ya harusi yetu. Saa na pete yake vilikuwa juu ya kabati la viatu. Mikono ameshainawa. Uso wake ulikuwa na ule utundu ninaoujua, wa mtoto anayecheza mchezo wa wakubwa.

"Mgongo umepona?" nikauliza.

"Sshh. Usiniharibie."

"Kiyotaka, subiri. Kuna kitu njiani..."

Lakini alishapiga magoti kwenye ubao wa juu, amenyoosha mikono. Ningefanya nini? Kasha lilikuwa limelowa, linateleza. Kitu cha thamani kikinyooshewa mikono miwili, unakikabidhi kwa mikono miwili. Mikono yangu ilifanya yenyewe. Akalipokea, akainama chini kabisa, akatamka yale maneno ya kale kwa sauti nzuri aliyoitafuta miaka yote pa kuitumia.

"Nimelipokea kwa heshima. Karibu ndani, ukae nasi miaka elfu."

Nyuma yangu mtu akavua kiatu.

Kimoja.

Halafu cha pili.

Upepo mdogo ulinipita begani, ukiwa na harufu ya poda na chuma. Nguo ndefu ilisikika ikiburuzwa kupanda ngazi moja, ikakata ukumbi, ikaelekea chumba cha nyuma. Kiyotaka alikuwa bado ameinama. Alipoinua uso, ule utundu ulikuwa umetoka.

"Itsue," akanong'ona. "Umeingia na nani?"

Nikaufunga mlango.

Usiniulize kwa nini hatukukimbia. Tulicheka. Ndivyo tulivyofanya, tulipika tambi, tukala, tukacheka kwa sauti kubwa kuliko kawaida, tukasema uchovu, tukasema mvua. Baada ya kula akataka kuvaa pete yake. Haikuingia. Kidole kilikuwa kimevimba, chekundu, kinawasha. Nikashusha pumzi, maana urushi mbichi huwasha watu ngozi, kila mtu anajua. Nikampaka dawa. Ni baadaye, nikiwa naosha vyombo, nilipokumbuka kwamba urushi uliokauka zamani hivyo haumwashi mtu.

Asubuhi nilikuta viatu vyangu vimegeuzwa.

Kwetu tukiingia ndani tunaviacha viatu pale mlangoni, na akija mgeni, mama mwenye nyumba huvigeuza vya mgeni vitazame nje, ili akitoka aviingize miguu moja kwa moja. Ni adabu. Viatu vyangu vilikuwa vinatazama nje, vimepangwa sambamba, vimefutwa hata matope. Nikamwuliza Kiyotaka kama ndiye. Akatikisa kichwa. Nikavirudisha. Kesho yake vilikuwa vimegeuzwa tena, na kesho yake, na kila siku.

Hakuna aliyenipiga. Hakuna aliyenikaba usingizini. Laiti ingekuwa hivyo ningepiga kelele, ningeita mtu wa kusoma sala, ningejua la kufanya. Badala yake nilihudumiwa. Chai yangu nilikuta imeshamiminwa, kwenye kikombe cha wageni. Mto wangu wa kukalia ulihamishwa ukawekwa mahali pa heshima, mbali na sufuria ya wali, mahali anapokaa mtu ambaye hatarajiwi kugusa mwiko. Jioni, zamu yangu ya kuoga huwa ya mwisho, baada ya mume; nikiinua kifuniko cha beseni nakuta maji yameshapoa, juu yake utando mweupe wa poda, na unywele mmoja mrefu, mrefu, unazunguka taratibu.

Na Kiyotaka akaanza kukaa chumba cha nyuma.

Nilimchungulia jioni moja kupitia upenyo wa mlango. Alikuwa amelitoa kasha, maganda ameyapanga duara juu ya mkeka. Akachukua ganda moja, akalitazama, akalinyoosha mbele yake hewani. Akasubiri. Halafu ganda la upande wa pili likateleza juu ya mkeka lenyewe, likaja mpaka kwenye goti lake.

Tik. Likashikana na mwenzake.

Mume wangu akatabasamu. Lilikuwa tabasamu la aibu, la kijana. Kwangu lilikwisha miaka mingi nyuma na sikuwa nimegundua lini.

Niliufungua mlango kwa nguvu.

"Unamwona?"

"Simwoni." Aliongea chinichini, kama kuna mtu amelala. "Namsikia tu anavyonisubiri."

"Mtoe, Kiyotaka! Mwambie atoke!"

"Nimemwambia." Akaanza kulia, mtu mzima, mbele ya maganda yale. "Nilimwambia siku ya pili tu. Alilia, Itsue. Hujawahi kusikia kilio kile. Nimempokea kwa kinywa changu, mlangoni kwangu, sikuwa hata na pete kidoleni. Namfukuzaje?"

"Na mimi?"

Alinitazama muda mrefu. Niliona anatafuta kitu usoni mwangu. Alikuwa anajaribu kwa nguvu zake zote, nilimwona anajaribu.

"Wewe umekuwa mwema sana kwetu," akasema.

Kwetu! Nilikuwa nampoteza mume wangu mbele ya macho yangu, ndani ya nyumba niliyoifagia kwa mikono hii, na hapakuwa na mtu wa kugombana naye.

Sikungoja zaidi. Niliyakumba maganda yote, nikayatia ndani ya kasha, nikafunga kitambaa juu yake bila adabu yoyote, nikatoka nalo. Kiyotaka hakunizuia. Alikaa palepale mikono imeshikilia hewa. Nilipanda bonde la juu kwa kasi, jua linazama, masikio nimeyategea viatu.

Hakuna viatu. Gari lilikuwa na ukimya mtupu, nami nikafurahi, mjinga mimi. Nikasema nimeshinda.

Bibi Umezu alikuwa anafunga mizigo. Nyumba ilikuwa imebaki nguzo na mwangwi. Aliponiona na kasha, akaiingiza mikono yake yote ndani ya mikono ya kimono, akaificha.

"Pokea," nikamwambia.

"Siwezi, mwanangu."

"Pokea, bibi! Ni lako!"

"Ni la shangazi yangu. Sayo." Alilitamka jina lile kwa uchovu, kama mtu anayetua mzigo na kunyoosha mgongo. "Msafara wake ulifika mlangoni kwa bwana harusi siku ya mvua. Kasha likanyooshwa. Hakuna aliyenyoosha mikono kulipokea. Walikuwa wamepata binti wa nyumba nyingine, tajiri zaidi, na hawakuwa na ujasiri wa kusema. Mlango ukafungwa. Wakasimama pale mpaka giza, kisha wakamrudisha kwa miguu. Hakuivua ile nguo. Alikaa kando ya kasha lake mpaka akafa, na alipokufa akaendelea kukaa."

Nikakaa chini kwenye ubao.

"Baba alikuwa anamwekea bakuli la wali kila siku," akaendelea. "Baba akafa, nikamwekea mimi. Sikuolewa. Ningemwachia nani? Sasa nyumba inabomolewa, mimi napelekwa kwenye nyumba ya wazee, chumba kimoja watu wanne. Ningekwenda naye wapi?"

"Kwa hiyo ukamchagulia mume wangu!"

"Nilimpigia kila mwenye kupenda makasha mji huu. Wote waliuliza lina umri gani. Mumeo ndiye pekee aliyesema atalipokea kwa taratibu." Akafuta macho kwa bega. "Ni mtu mwema, mumeo. Sayo naye hajamdhuru mtu tangu azaliwe. Anachotaka ni kuwa mke wa mtu."

"Mrudishe, bibi. Nakupigia magoti."

"Bakuli lake nimelivunja. Ulisikia."

Nilisikia. Na nilijua, sikuhitaji kuelezwa. Moto huwashwa langoni, na bakuli la wali huvunjwa, nyuma ya watu wawili: binti anayekwenda kuolewa, na maiti inayotolewa ndani. Wote wawili kwa sababu moja, wasirudi. Nilijua, na jioni ile nikasema kibibi kimeangusha chakula.

"Basi mimi je?" nikauliza. "Mimi niende wapi?"

Bibi Umezu akaniangalia kwa huruma, na huruma yake ndiyo iliyonitisha kuliko yote.

"Na wewe bakuli lako si lilivunjwa?"

Lilivunjwa. Mama alilivunja mwenyewe, langoni kwetu, analia na kucheka kwa pamoja, nami nimo ndani ya gari la harusi nawapungia watu mkono.

Nililiacha kasha kizingitini. Aliniambia nisiliache, nikaliacha. Nikasema asipolipokea na livunjwe na nyumba. Nilirudi bondeni bila harufu, bila sauti, na nilipofungua mlango wetu nikaita kwa furaha, "Kiyotaka! Nimelipeleka!"

Alitoka chumba cha nyuma. Uso wake ulikuwa mweupe.

"Itsue, umefanya nini?" akanong'ona. "Kasha lilikuwa kitu chake pekee. Sasa hana hata kimoja cha kwake."

"Safi. Aondoke basi."

"Haondoki." Akatazama nyuma yake, akashusha sauti zaidi. "Anauliza kama anaweza kuazima vya kwako."

Kesho yake sikuiona aproni yangu. Kitana changu kilikuwa kimelowa poda. Nilifungua kabati nikakuta nguo zangu zimehamishiwa kwenye furushi moja dogo, zimekunjwa vizuri sana, na furushi limewekwa mlangoni kando ya viatu. Nililifungua nikazirudisha. Jioni lilikuwa palepale. Kutoka jikoni nikasikia kisu kikikatakata figili, haraka, sawasawa, kwa mdundo ambao ni wangu. Mama Horie huwa ananitania kwa mdundo ule, anasema akiusikia anajua nina hasira.

Nilikwenda mpaka mlango wa jikoni. Sikuingia. Mkono ulifika kwenye mlango ukakataa. Nilijiona kama mtu anayechungulia jikoni kwa watu.

Kiyotaka akapita na gazeti lake. Akanipisha kwa adabu, akainamisha kichwa kidogo.

"Kaa tu, usijisumbue," akaniambia. "Chakula kinaiva sasa hivi."

Kidoleni alikuwa na pete. Uvimbe ulikuwa umekwisha.

Ningeweza kuondoka, najua unaniambia hivyo. Kila jioni nilikaa pale mlangoni, nimevaa vile viatu vilivyogeuzwa, furushi mapajani. Na kila jioni nilisema ngoja nimwone kwanza akila, ngoja nihakikishe anakunywa dawa ya mgongo, halafu nitakwenda. Dawa ilikuwa inatolewa kwa wakati. Nilisikia bilauri ikiwekwa.

Nilikuwa nimekaa hivyohivyo Mama Horie alipokuja. Mvua ilikuwa imekatika kidogo, jua la jioni limechungulia. Alikuja na kikapu cha bilingani, kama afanyavyo kila mwaka bustani yake ikizidi. Nilisimama. Huyu atanijua! Huyu tumekula chumvi moja, huyu nilimshika mkono alipofiwa.

Alinitazama. Akatabasamu lile tabasamu tunaloweka kwa watu wa kupita.

"Samahani, dada. Mama mwenye nyumba yupo?"

"Mama Horie," nikasema. "Ni mimi."

Tabasamu lake likayumba. Aliona aibu, aibu ya mtu aliyemsahau mtu. Akaniangalia kwenye nywele, kwenye furushi, kwenye viatu.

"Naomba uniwie radhi, macho yangu haya... Tumewahi kuonana?" Akakiinua kikapu kidogo, kunionyesha hana nia mbaya. "Nimemletea bilingani tu. Anazipenda. Kama ana kazi, nitarudi."

Jikoni kisu kilikuwa kimenyamaza. Nyumba nzima ilikuwa inasikiliza. Mama Horie alisimama na kikapu chake, kimemlemea, na mimi sikuwa na mahali pa kumwambia akiweke. Nilifungua kinywa niseme kila kitu. Nikamwona anarudi hatua moja nyuma.

"Hapana, usiondoke," nikasema. "Yupo. Ngoja nikuitie."

Nikageukia ndani. Nilikuwa na jina moja tu la kuita.

"Itsue!"

"Abee," akaitika.